Hariri ni Kitambaa au ni Kazi? Maneno Tunayoweka Kwenye Vitufe vya Tovuti Zetu

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye mkutano wa sisi tunaojitolea kutafsiri na kuandika kwenye tovuti za jumuiya za Kiswahili. Wengi hamkufika na mmeniomba niiweke yote, basi hii hapa kama ilivyosemwa. Picha za ukutani nimeziacha, nilizoonyesha pale nimezielezea kwa maneno.

Ndugu zangu, hamjambo? Sijasikia vizuri, waliokaa kule karibu na mlango, hamjambo? Haya, asanteni. Wazee wangu shikamooni. Na nyie vijana mliosafiri na basi usiku kucha kuja hapa, poleni sana na safari.

Mi nimepewa nusu saa nizungumzie maneno. Sio maneno ya shairi wala ya riwaya, ni yale madogo madogo yanayokaa kwenye vitufe na kwenye menyu. Ingia. Toka. Hariri. Futa. Tuma. Najua kuna wanaojiuliza hapo kuna nini cha kuongea nusu saa nzima, neno moja tu linatafsiriwa unasonga mbele. Subirini niwape kisa.

Mwaka juzi tulikuwa kwenye mafunzo, darasa la shule tumeazima, kompyuta sita, watu kama kumi na tano hivi. Tunawafundisha kuandika makala kwenye tovuti moja ya jumuiya inayoendeshwa na watu wa kujitolea kama sisi. Alikuwepo mama mmoja fundi cherehani, ameshona zaidi ya miaka ishirini, na alikuja na jambo lake, anataka kuandika kuhusu kanga. Anazijua kanga huyo mama, anajua pindo, anajua mji, anajua jina la kanga ya mwaka gani ilivaliwa kwenye sherehe gani. Yani mtu wa namna hiyo ndo tunamtafuta usiku na mchana. Tukamfungulia ukurasa wa kanga, nikamwambia mama, sasa bonyeza Hariri. Akatafuta, akaiona pale juu, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii hariri ya nini tena? Kanga si pamba?"

Watu wakacheka. Na nyie naona mnacheka, sawa, lakini sikilizeni kilichofuata. Yule mama akaondoa mkono kwenye mausi, akaiweka mikono yake yote miwili mapajani, na mchana kutwa hakuigusa tena ile kompyuta. Akawa anamwangalia jirani yake anavyofanya. Jioni akaaga akaondoka na kanga zake zote kichwani, hakuandika hata mstari mmoja.

Sasa nawauliza, nani alikosea pale? Yeye alisoma sawasawa. Hariri ni kitambaa, na ukiuliza fundi cherehani yeyote kuanzia Tanga mpaka Lamu atakwambia hariri ni kitambaa. Ukurasa ni wa kanga, juu yake pameandikwa hariri, akaona kuna mtu ameandika uongo kuhusu kanga na akataka kusahihisha. Alisoma sawasawa! Sisi ndo tuliandika neno moja likiwa peke yake, tukategemea atajua tunataka lile la wahariri wa magazeti na sio lile la dukani.

Na hapo ndo penye shida yote ya kazi yetu. Neno likiwa gazetini lina ndugu zake huku na huku, sentensi inalishika mkono. Ukiniambia "viungo vya pilau" na "viungo vya mwili" na "viungo vya ukurasa huu" sichanganyikiwi hata kidogo. Lakini neno la kwenye kitufe limesimama peke yake, na anayelisoma naye yuko peke yake, usiku, simu mkononi, bando linaisha, hana wa kumuuliza. Kitufe hakina mdomo. Hakiwezi kusema samahani mama, nilikuwa namaanisha kile kingine.

Chukueni "Panga". Mtu ametafsiri kitufe cha kupanga orodha akaandika Panga, basi. Panga ni kupanga vitu, panga ni kupanga nyumba, na panga ni lile la kufyekea. Ukiongeza maneno mawili tu, "Panga kwa tarehe", shida imekwisha. "Hariri" peke yake inamtisha fundi cherehani, "Hariri makala haya" haimtishi mtu. Kuna watakaosema nafasi haitoshi kwenye skrini ya simu. Nafasi inatosha! Tuna nafasi ya nembo, tuna nafasi ya picha kubwa ya kichwani, inakuwaje neno la pili likose nafasi? Na wengine wamependekeza tuweke "Rekebisha", mi sipingi ila mnajua rekebisha inasema kuna kitu kimeharibika, mtu anayekuja kuongeza jambo jema kwenye makala nzuri hajaja kurekebisha.

Kosa hili mara nyingi linaanza hata kabla ya sisi kuandika. Mtafsiri anafungua orodha, anaona neno la Kiingereza moja, halina kichwa wala miguu. Na Kiingereza nacho neno lilelile ni jina na lilelile ni kitenzi. "Home" hiyo, wangapi hapa wameona tovuti ya Kiswahili imeandikwa "Nyumbani" pale juu? Mikono... karibu wote. Nyumbani ni kwako, kwa mama yako, ukibonyeza unategemea kwenda kwako. Kumbe ni ukurasa wa kwanza wa tovuti, na neno lake lipo miaka yote, "Mwanzo". Mtafsiri hakukosa Kiswahili, alikosa kuona kitufe chenyewe kimekaa wapi.

Ndo maana nawapenda sana watu wa translatewiki.net, mahali ambapo ile programu inayoendesha Wikipedia inatafsiriwa na watu wa kujitolea. Pale pana lugha ya kubuni inaitwa qqq. Haisemwi na mtu yeyote duniani. Ukifungua neno lolote, qqq inakueleza, hiki ni kitufe, kinakaa chini ya kisanduku cha kuandikia, ukikibonyeza inatokea hivi. Yani kila neno lina barua yake ya utambulisho. Nawaomba, nawaomba sana, msitafsiri neno bila kusoma qqq yake, na kama tovuti yetu haina kitu kama hicho basi tuanze wenyewe, hata kwenye daftari.

Sasa niwape kingine ambacho kinaniuma kuliko hicho cha hariri, maana hiki kinafukuza watu kimyakimya. Neno wiki, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe wanaandika na kuhariri kurasa zake. Jamaa aliyeanzisha kitu hiki, Ward Cunningham, mwaka 1995, alilichukua kwenye basi la uwanja wa ndege wa Honolulu linaloitwa Wiki Wiki, kwa lugha ya Hawaii maana yake haraka haraka. Neno zuri kabisa kule lilikotoka. Likaja kwetu likamkuta mwenzie yupo nyumbani tayari, wiki ya siku saba. Sasa mtu anafungua tovuti anakuta bango kubwa, "Changia wiki hii".

Hebu lisomeni kama mtu wa kawaida. Changia. Wiki hii. Kwetu mchango ni nini? Mchango ni hela! Mchango wa harusi, mchango wa msiba, mchango wa madawati. Kadi inakuja, unaambiwa mwisho wa kuchangia ni Ijumaa. Mtu akisoma Changia wiki hii anaelewa anadaiwa hela na anadaiwa kabla Jumapili haijafika. Anafunga, anakwenda zake. Na akifanikiwa kuingia anakuta kwenye akaunti yake pameandikwa "Michango", anabonyeza kwa woga, haoni hela, anaona orodha ya sentensi alizoandika. Mi nasema pale tuandike "Nilichoandika", au "Kazi zangu". Na lile bango tuandike "Andika nasi". Maneno mawili, na hakuna atakayeshika mfuko wake.

Nije kwenye jambo zito kidogo. Kuna maneno yakikosewa mtu anachanganyikiwa tu, na kuna maneno yakikosewa mtu anaumia.

Miaka mingi kitufe cha kumalizia kuandika kwenye Wikipedia kiliitwa, kwa Kiingereza, "Save page". Mwaka 2016 wenyewe wa Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, wakaamua kukibadilisha kiwe cha kuchapisha, "Publish", maana waligundua watu wageni hawaelewi kwamba wakibonyeza pale kila kitu kinakwenda hadharani hapo hapo. Fikirieni hilo. Kitufe kimoja, neno moja, kwa watu wenye Kiingereza chao cha kuzaliwa nacho, na bado hawakuelewa.

Sasa sisi tuliandika nini? "Hifadhi". Na hifadhi kwetu ni nini? Hifadhi ni Serengeti, hifadhi ni kutunza, kuficha kisiharibike. Bibi anahifadhi cheti cha ndoa chini ya godoro. Hilo neno linaahidi usalama. Kuna kijana namjua, alikuwa anaandika kwenye ukurasa wake kwenye tovuti moja ya jumuiya, hali ya nyumbani kwao ilikuwa ngumu, akaandika mambo ya mgonjwa wao, jina la ugonjwa, mpaka namba ya simu ya mjomba wake, akidhani ni daftari lake. Akabonyeza Hifadhi. Yani aliambiwa hifadhi, akahifadhi! Akagundua siku tatu baadaye mjomba alipopigiwa simu na mtu asiyemjua. Tulifuta haraka, lakini historia ya ukurasa, ile inayotunza maandishi yote ya nyuma, nayo ilibidi ifichwe na hiyo si kila mtu anaweza, ikachukua muda, na yule kijana hajarudi. Nimemtumia ujumbe mara mbili. Hajarudi, na mi simlaumu.

Kwahiyo tuseme "Chapisha"? Ndiyo, mi nasema Chapisha, ingawa najua chapisha nayo inanuka wino, kuna mtu alishaniuliza printa iko wapi. Ila watu sasa wanasema chapisho, wanasema amechapisha kwenye ukurasa wake, neno limeshazoeleka. Lakini lisiende peke yake. Chini yake iwepo sentensi fupi, kwa herufi zinazosomeka sio zile za kijivu zisizoonekana juani, "Kila mtu ataweza kusoma ulichoandika." Na kama kweli kuna sehemu ya kuweka rasimu ambayo haionekani na wengine, hapo ndo tuliweke neno letu Hifadhi, maana hapo linasema kweli.

Mnanielewa lakini? Sisemi Hifadhi ni Kiswahili kibaya. Nasema pale lilikuwa linasema uongo.

Ndugu yake wa pili ni Futa. Ninyi mnaokaa na makatibu wa vikundi hiki mtakijua. Kuna kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa, wana ukurasa wao kwenye mtandao wanaweka humo kumbukumbu za vikao, na katibu wao ni mtu makini sana, kila kikao anaandika. Siku moja amegusa kwa bahati mbaya alama ya pipa la taka. Kikatokea kisanduku, "Una uhakika?" na chini vitufe viwili, "Sawa" na "Futa". Yeye anataka kuliacha hilo jambo, kulifuta hilo ombi. Akasema moyoni futa, sitaki. Akabonyeza Futa. Kumbukumbu za miaka mitatu zikaondoka.

Kwanini? Kwasababu aliyetafsiri aliandika Futa akimaanisha ondoa hizo kumbukumbu, na Sawa akimaanisha ziache zilivyo, na katibu akasoma Futa akimaanisha ondoa hilo swali. Na wote wawili wanajua Kiswahili! Tumekuwa tukitumia futa kwa kazi mbili, kuondoa kitu na kuacha jambo. Futa mkutano, futa safari, futa picha. Mi naomba tukubaliane leo, Futa iwe na kazi moja tu, kuondoa. Kuacha jambo iwe "Ghairi", na kwa wale ambao Ghairi kwao ni neno la vitabuni iwe "Acha, nirudi nyuma", sijali ikiwa ndefu. Na Sawa isiwepo kabisa kwenye kisanduku cha namna hiyo. Sawa kitu gani? Kitufe kiseme kinachokwenda kutokea. "Futa kumbukumbu hizi." "Zibaki." Mtu akisoma vitufe peke yake bila swali la juu aelewe, maana ukweli ni kwamba watu hawasomi swali, na sio uvivu, ni kwamba mtoto analia na ugali uko jikoni.

Na hapo hapo kuna mtego wa ndiyo na hapana, huu waandishi wa programu wengi hawaujui. Nikikuuliza, "Hujala?" na wewe hujala, unajibu nini? ... Eeh. "Ndiyo, sijala." Sisi tunajibu kukubali alichosema mtu. Mwingereza hapo angesema "No". Sasa programu inauliza, "Hutaki kuendelea?" halafu Ndiyo, Hapana. Kwa Mswahili Ndiyo maana yake ndiyo, sitaki. Aliyeandika programu kwa kichwa cha Kiingereza ameweka Ndiyo maana yake nataka. Mmeona? Swali la kukanusha lisiwekwe kwenye kitufe. Kabisa. Uliza, "Unataka kuendelea?"

Wale mnaoandika programu, sogeeni kidogo hiki ni chenu. Ngeli. Kiingereza kinaruhusu uache nafasi kwenye sentensi halafu mashine ijaze yenyewe, ile alama ya dola na moja, "$1 imefutwa". Mashine itaweka picha, faili, ukurasa, chochote. Kwa Kiingereza inakaa vizuri. Kwetu picha imefutwa sawa, lakini ukurasa umefutwa, faili limefutwa, kitabu kimefutwa, mtumiaji amefutwa. Ukiacha imefutwa kwa vyote unapata "Ukurasa imefutwa", na mtu akisoma hivyo anajua hapa haongei na binadamu. Heshima inashuka, anaanza kujiuliza hawa wenye tovuti wanatujali au wametupa tu maneno kwenye mashine.

Dawa ipo na ni nyepesi, na nilifundishwa na binti mmoja mwanafunzi wa hesabu. Mtendaji awe mtu. Badala ya "$1 imefutwa" andika "Umefuta: $1". Umefuta ukurasa, umefuta faili, umefuta kitabu, hakuna ngeli itakayogombana na mtu. Kwenye idadi nako msiandike "kurasa 1", ile programu ya Wikipedia ina njia yake ya kutenganisha umoja na wingi, itumieni, iandike "ukurasa 1" na "kurasa 2". Na tufurahi kidogo, kuna mzigo ambao sisi hatuubebi. Wenzetu wa Kiarabu na wa Kirusi kila wakiandika fulani ameandika inabidi wajue ni mwanamke au mwanaume. Sisi tunasema ameandika, imekwisha. Hiyo lugha yetu ilishatupa bure, tusiiharibu kwa kuandika "yeye wa kiume au wa kike" kama nilivyoona kwenye fomu moja.

Saa. Nitapita haraka maana muda unaniishia na jambo lenyewe ni la saa. Tangazo linasema "Kikao cha mtandaoni, saa 2:00". Saa mbili ipi? Asubuhi, usiku, au ile ya mashine ambayo ni usiku wa manane kwetu saa nane? Tulishafanya kikao cha watu wanne wakati walioandikishwa ni thelathini na kitu. Na tukumbuke sisi tuko wengi, Dar na Nairobi na Kampala saa zetu ni sawa, Lubumbashi na Bujumbura na Kigali wako nyuma yetu kwa saa moja, ndugu zetu wa Muscat wako mbele kwa saa moja. Andikeni hivi, "saa 2:00 usiku, yaani 20:00, kwa saa za Afrika Mashariki". Ni ndefu, ndiyo. Kikao cha watu wanne ni kifupi zaidi.

Sasa ule ugomvi mkubwa. Najua mnausubiri, na najua jana usiku kwenye chai kuna watu walifikia kupandishiana sauti. Kiswahili kipi? Cha BAKITA, lile Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, au cha mtaani? Nywila au paswedi? Tarakilishi au kompyuta? Wenzetu wa Kenya wamesoma tarakilishi shuleni, sisi huku tunasema kompyuta. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, na mwaka 2009 Facebook ikaja na Kiswahili, na ugomvi ulikuwa huu huu. Mi nina maoni yangu na nitayasema wazi.

Neno gumu si adui. Naomba mnisikilize hapa wale wa mtaani. Neno muamala, nani alikuwa analitumia zamani? Wanasheria, masheikh, watu wa vitabu. M-Pesa ikaanza Kenya mwaka 2007, Tanzania mwaka uliofuata, na mitandao mingine ikafuata na huduma zake, na leo mama ntilie anakwambia kaka muamala wako bado haujaingia. Neno la vitabuni liko kwenye kibanda cha chapati! Kwanini lilikubalika? Kwasababu kila lilipotokea lilitokea kwa jina hilo hilo, mahali pale pale, na hela ilikuwa inaonekana. Mtu aliona jina na kitu kwa pamoja, mara mia.

Na angalieni pakua, lile la kutoa faili mtandaoni lije kwenye simu yako. Aliyelichagua hilo nampa heshima zangu zote. Pakua ni kutoa chakula kwenye sufuria unaweka kwenye sahani, na ni kushusha mzigo. Hata aliyelisikia mara ya kwanza anaona sufuria, anaona kitu kinatoka kule kinakuja kwake. Hilo halikuhitaji kufundishwa.

Lakini nywila? Mi nimeijaribu kwa watu. Nimeandika kwenye karatasi, nimewapelekea mtu mmoja wa sokoni, dereva wa bajaji, mwalimu wa chekechea, na mzee mmoja wa duka la vifaa vya baiskeli. Mwalimu alijua. Wengine walisoma nywele. Nikaandika "neno la siri", wote wanne wakajua, wote, na yule mzee akaniambia kama namba ya siri ya kutolea hela, ila hapa ni neno. Yeye ndo alinifundisha, sio kamusi. Tuna watu mamilioni waliojifunza kutumia menyu kwa Kiswahili kwenye simu za vitufe, wanajua ingiza, wanajua thibitisha, wanajua salio, wanajua rudi nyuma. Hicho ndo Kiswahili cha vitufe, kipo tayari, kinasemwa kila siku. Tuanzie hapo kabla ya kubuni.

Kwahiyo sio sanifu dhidi ya mtaani. Nikichagua neno nauliza, huyu aliye peke yake atajua kitakachotokea akibonyeza? Nywila tuiweke kwenye ukurasa wa msaada, tuiandike "neno la siri, au nywila", ikae hapo ikizoeleka taratibu kama muamala. Ila mlangoni tuweke neno linalofungua mlango. Na tukishachagua, tusibadilishe! Ukurasa mmoja unasema neno la siri, wa pili nywila, wa tatu nenosiri, mtu anadhani ni vitu vitatu tofauti na anavitafuta vyote.

La mwisho kabisa, adabu. Kitufe cha kutoka, tumekiandika "Toka". Toka! Hivyo ndo anavyoambiwa mbwa aliyeingia jikoni. Tuandike "Ondoka kwenye akaunti". Na zile taarifa nyekundu, "Ingizo batili", hebu niambieni ndo mtu afanye nini? Mwambie, "Namba ya simu ianze na 0 na iwe na tarakimu 10", atarekebisha mwenyewe na hatajiona mjinga. Na mtu akifungiwa, maana wapo wanaostahili kufungiwa, asikute "Umezuiwa" kavu. Aambiwe amefungiwa kwa kosa gani, mpaka tarehe ngapi, na akitaka kujitetea aandike wapi. Hata mahakamani hukumu inasomwa na sababu zake.

Haya ndugu zangu, nimeona naonyeshwa saa. Pale mlangoni kuna karatasi, kila moja ina maneno kumi ya vitufe vyetu kama yalivyo sasa. Kila watu wawili wachukue moja. Msikae humu ndani, tokeni nje, nendeni kwa watu wa chai, kwa mlinzi, stendi ya bodaboda. Msomesheni mtu kitufe kimoja, muulizeni tu, "Ukibonyeza hapa unadhani itatokea nini?" halafu mnyamaze. Msimsaidie, msimrekebishe, mwandike alichosema kama alivyosema, na saa nane mchana tukutane hapa.

Na yule mama fundi niliyewasimulia, nilimwomba ruhusa kabla ya kukisema kisa chake, na nilimwomba aje. Yupo. Amekaa pale mstari wa mbele, mwenye mtandio wa kijani. Shikamoo mama. Mchana yeye ndo atakaa kwenye kompyuta, tutamfungulia ule ukurasa wa kanga, kitufe chenyewe tumeshakibadilisha juzi kinasema "Andika kwenye ukurasa huu", na sisi wote tutakaa nyuma yake tuone anakwama wapi.